Maji ya Maganda

Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, alikuwa ameacha kuniitikia salamu siku nyingi kabla hajaja mlangoni kwetu kuniomba dawa. Nikipita mbele ya nyumba yake nikatoa salamu, yeye huwatazama mbuzi wake. Mkewe huitikia kwa sauti ya chini, kisha huingia ndani. Kijiji kizima cha Mgogoni kilijua kwamba hatusemezani, na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza. Yangu ni hii.

Baba alifariki nikiwa bado nasoma skuli. Aliacha nyumba ya bati, mama, mimi peke yangu bila ndugu, na fungu lake katika shamba la babu ambalo halikuwahi kugawiwa. Ami ndiye aliyelishika lote. Karafuu alichuma yeye, nazi aliangua yeye, na kila baada ya msimu alituletea kitu akakiita haki ya yatima, nasi tukamwambia ahsante. Mama aliachiwa bonde dogo nyuma ya nyumba, mahali penye majimaji pasipofaa mkarafuu. Aliachiwa kwa sharti moja, asipande mti wa kudumu. Kwetu mti unaokaa miaka ni dai. Aliyepanda mnazi ana neno juu ya ardhi iliyoubeba. Mgomba hauhesabiwi, kwa sababu unazaa mara moja ukaanguka, basi ami akaona ni mmea usio na hatari.

Mama akapanda migomba. Chipukizi aliziomba kwa jirani na kwa jamaa, moja moja, mpaka bonde likajaa: mzuzu na mkono wa tembo za kupika, bokoboko za futari, kisukari za kuliwa mbivu. Kwetu hakikutupwa kitu. Ndizi zilikwenda sokoni, majani yakafunikia vyungu, maganda wakala mbuzi, na shina lilikatwakatwa likalishwa ng'ombe wa jirani wakati wa kiangazi. Nguo zangu zote za utotoni zilikuwa na madoa meusi ya utomvu, ambayo sabuni haikuyaweza. Mama aliyakemea madoa yale kama anamkemea mtu.

Nilipokwenda kusoma kemia chuoni Unguja ndipo nilipoambiwa madoa yale ni nini. Utomvu wa mgomba unatoka mweupe kama maji, ukikutana na hewa unakuwa mweusi, kwa kuwa ndani yake mna vitu vinavyoiwahi oksijeni na kuungana nayo. Katika ukoo huohuo wa vitu zimo zinazoitwa antioksidanti. Hewa inayotuweka hai huacha mwilini chembe kali zinazotafuna seli, kama kutu inavyotafuna bati la nyumba karibu na bahari. Antioksidanti hujitanguliza, zikaliwa zenyewe badala ya seli. Nilikaa darasani nikafikiri juu ya gauni langu la sikukuu lililoharibika, nikaona fahari kidogo.

Nilirudi Pemba kufundisha, na baada ya muda nikajiandikisha kwa shahada ya pili. Nikachagua kupima antioksidanti katika sehemu za mgomba ambazo watu wanazitumia au wanaweza kuzitumia: nyama ya ndizi, ganda lake, lile tumba jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu, moyo mweupe wa shina, na jani. Mwalimu aliyenisimamia alitaka migomba ya aina mbalimbali iliyoota kwenye udongo mmoja, ili asije mtu akasema tofauti imetoka kwenye ardhi. Sikuwa na haja ya kutafuta. Lilikuwapo bonde la mama.

Nilikwenda kwa ami kwanza, kwa adabu, nikambusu mkono, nikamweleza. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. Aliniuliza nani kanituma. Nikasema chuo. Akauliza chuo kinataka nini na bonde. Nikasema hakitaki bonde, kinataka maganda. Alicheka, akasema kama ni maganda nikachukue, hata ya jaani nichukue.

Nikafunga vitambaa. Kila mgomba niliufunga ukanda wa turubai la buluu lililochanika, nikaandika juu yake aina na siku ulipochanua, kwa maana tumba changa si sawa na tumba kongwe. Siku ya pili yake vitambaa vyote havikuwapo. Mama alisema labda watoto. Nikavifunga tena, na safari hii nilimkuta ami mwenyewe bondeni, ana kisu, anavikata kimoja kimoja na kuvitia mfukoni.

"Watu wa kupima ardhi ndio wanaofunga hivi," alisema bila ya kugeuka. "Unanipimia ardhi yangu mimi nikiwa hai."

Nilimwambia ni alama za migomba tu. Akasema alama ni alama. Akasema mwanamke hapeleki mtoto wake kusoma mpaka mvi zikamtoka kwa ajili ya kupima maganda ya ndizi, na kwamba mama yangu amekaa kimya miaka yote akinisubiri mimi nikomae. Mama alikuwa amesimama karibu na kisima na ndoo mkononi, anasikia. Aliitumbukiza ndoo kisimani. Alitokea Kojani, kisiwa cha wavuvi, na tangu alipoolewa huku hakuwahi kumjibu shemeji yake neno.

Nikafunga vitambaa mara ya tatu, lakini nilivifunga chini, karibu na mzizi, chini ya majani makavu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na akili. Mwezi mzima nilikuja kila Ijumaa baada ya sala, nikakata tumba moja hapa, mkungu pale, nikaondoka na kikapu kilichofunikwa kanga kama mwizi katika bonde la mama yangu mwenyewe.

Kisha asubuhi moja mama alinipigia simu skuli. Hakusema kitu ila nije.

Nilikuta bonde liko wazi, naona mpaka upande wa pili, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani. Ami alikuwa ameikata migomba yote. Hakuishia hapo. Mgomba ukikatwa huchipua, naye alilijua hilo kuliko mimi, kwa hiyo alileta vibarua na majembe wakazing'oa tungu, yale mashina ya chini yanayochipua, kutoka ardhini na kuzipindua juani. Mikungu michanga, iliyokuwa na vidole vidogo kama vya mtoto, ilikuwa imetupwa kwenye matope. Utomvu ulikuwa bado unatiririka kwenye mashina, na mikono ya ami ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Nimesafisha ardhi yangu," alisema.

"Migomba ni ya mama."

"Basi akapande kwao Kojani."

Kojani ni mawe na nyumba, hapana nafasi ya kupanda hata mchaichai. Vibarua walicheka. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mikono juu ya magoti, na alilisikia hilo nalo. Mimi nilimtazama ami usoni nikamwambia kwamba baba yangu angekuwa hai asingethubutu, na kwamba amesubiri mdogo wake azikwe ndipo apate ushujaa wa kupigana na migomba. Nilisema mbele ya vibarua wake. Alinyanyua jembe kidogo, akalishusha. Tangu siku ile hakuniitikia salamu tena.

Sikukusanya machozi, nilikusanya magunia. Kila kilichofaa nilikichukua: matumba, mikungu iliyopevuka, vipande vya mashina nilivyovimenya mpaka kwenye moyo, majani. Jirani mwenye gari ya ng'ombe alinisaidia mpaka barabarani, na jioni ile nilikuwa katika maabara ya skuli nikikata, nikikausha, nikisaga. Ami alidhani amenikatia kazi. Alinipa siku moja mavuno ambayo ningeyakusanya kwa mwaka, ya udongo mmoja, yaliyokatwa kwa wakati mmoja. Hata mwalimu wangu alinisifu kwa utaratibu, nami sikumwambia ni nani aliyekata.

Kipimo chenyewe kina uzuri wake. Kuna unga ambao ukiuyeyusha kwenye spiriti unatoa rangi ya zambarau iliyoiva. Unadondoshea ndani yake maji uliyoyakamua kutoka kwenye ganda au tumba, halafu unasubiri gizani. Kama antioksidanti zimo, zambarau inafifia na kugeuka manjano, na kadiri inavyofifia ndivyo zilivyo nyingi. Nyama ya ndizi mbivu ilifanya rangi ipauke tu. Moyo wa shina vivyo hivyo. Tumba liliifuta vizuri. Ganda la mzuzu, ambalo kwetu ni chakula cha mbuzi, liliifuta zambarau mpaka nikadhani nimekosea kupima, nikarudia, ikafutika tena. Nilisimama peke yangu na kichupa cha manjano mkononi, na jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa ni kwamba ami asingelijua hili kamwe. Nilifurahi kwa ubaya.

Wakati huo mama alikuwa na lake. Siku ya siku alivaa baibui lake jipya akaniambia tunakwenda kwa kadhi. Sikumshawishi. Alisema tu kwamba ameambiwa akapande kwao, na anataka kujua kwao ni wapi.

Ami alikuja mbele ya kadhi ametulia, na baadaye nikaelewa kwa nini. Mimi nilikuwa nimejiona mrithi wa baba, mimi na mama, basi. Sikujua kwamba, kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume, kaka yake naye anarithi katika fungu la baba. Ami alilijua siku zote. Mama akapata thumni yake, sehemu moja ya nane, mimi nusu, na kilichobaki katika fungu la baba kikamwendea yeye, juu ya fungu lake la mwanzo. Tuliondoka na bonde letu na mistari michache ya mikarafuu iliyozeeka. Yeye aliondoka na zaidi kuliko sisi, lakini uso wake ulikuwa umesawijika. Hakuumia kwa ardhi. Aliumia kwa kuitwa, kukaa kwenye benchi moja na mwanamke wa Kojani, na kuulizwa maswali.

Ndipo habari ya ganda ilipotoka. Mwalimu mwenzangu, kwa nia njema, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu kwamba nimegundua ganda la ndizi lina nguvu kuliko ndizi yenyewe. Wiki haikwisha, ganda likawa linatibu sukari, presha na macho. Mtu akaleta video ya mgeni mmoja wa bara anayekunywa maji ya maganda na kutupa vidonge vyake mbele ya kamera. Wanawake wakaanza kuja kwetu na mabakuli. Kila mmoja nilimwambia kitu kimoja, kwamba nilichofuta ni rangi ndani ya chupa, na chupa si mtu. Chupa haina ini, haina tumbo, haina damu. Ganda lina kitu cha maana, ndiyo, na wenye uwezo wakipima kwa watu siku moja tutajua kina faida gani, lakini leo mimi sina dawa. Hawakupenda. Mmoja wao, mama mtu mzima niliyemheshimu, aliniambia kwamba elimu isiyosaidia jamaa ni elimu ya choyo. Wakaondoka wakisema ninaficha.

Ami alikuja alasiri, nikiwa nasahihisha madaftari barazani. Nilimwona tangu njiani, anatembea upande upande, mguu mmoja umefungwa kitambaa cha shuka. Hakukaa nilipomkaribisha. Alisimama ameshika nguzo. Harufu ya donda ilifika kabla ya maneno yake.

"Lile ganda," alisema, "lachemshwa vipi?"

Nilimuuliza ana sukari tangu lini. Akasema hilo si swali lake. Nilimuuliza kama anakunywa vidonge vya hospitali. Akasema vidonge vinamchosha, ameviacha.

"Ami, ganda halitibu sukari. Hilo donda ni la hospitali, na ni la leo."

"Watu wote wajua unalo. Mie ndiye wa kunyimwa?"

"Hakuna aliyepewa. Nimepima kwenye chupa, sikupima kwa mtu."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya baba yangu, ndiyo maana sikupenda kuyatazama. "Wanilipiza kisasi," alisema. "Kwa sababu ya migomba."

"Ningetaka kukulipiza kisasi ningekwambia unywe."

Sikulisema kwa upole, na sitadai kwamba nililisema kwa upole. Lakini lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyowahi kupita baina yetu, na yeye alilisikia kama tusi. Alitema mate pembeni mwa baraza, akageuka. Nilinyanyuka nikamfuata mpaka kwenye mnazi wa kwanza nikimwambia nitamtafutia gari sasa hivi. Hakusimama.

Jioni nilikwenda kwa mkewe. Nilimkuta uani anapalia moto, na juu ya mafiga kulikuwa na sufuria la maganda mabichi. Nililitambua kwa harufu, ile harufu kali kama ya chuma kilicholowa. Nilimwambia kila nilichomwambia mumewe, na zaidi, kwamba mguu ukibadilika rangi hakuna tena mjadala. Alisikiliza akikoroga. Alisema mume wake amekwisha kata shauri, na kwamba kama kipimo changu cha siri ni kikombe kimoja au viwili nimwambie yeye tu, hatamtaja mtu aliyempa. Nilimwambia hakuna kipimo. Akashusha macho kwenye sufuria, na nikaona kwamba yeye naye haniamini.

Aliyanywa maji yale asubuhi na jioni, na akalioshea donda. Nilipata habari kwa mama, aliyezipata kisimani. Nilimpigia daktari wa zamu ninayefahamiana naye, akaniambia mgonjwa mwenye akili zake hawezi kubebwa kwa nguvu. Nilimwendea sheha, mkuu wa kijiji chetu. Sheha alikwenda, akapewa kahawa, akarudi. Mpaka siku ami alipopandwa na homa akawa anazungumza na baba yangu kama yupo chumbani, ndipo mkewe alipoita gari. Madaktari hawakuwa na la kuchagua. Waliukata mguu chini ya goti.

Tulikwenda kumtazama, mimi na mama, kwa sababu mgonjwa hutazamwa hata awe nani. Wodi ilikuwa imejaa jamaa. Tulipoingia hakuna aliyesogea kutupa nafasi. Mkewe alikuwa akiwaeleza wageni, na hakupunguza sauti: kwamba mtoto wa nyumbani anayo dawa, ameisomea, na amemwacha ami yake akatwe mguu kwa ajili ya bonde.

Ami alikuwa amelalia ubavu. Alizungumza akitazama ukuta. "Ulijua kipimo, hukunipa."

Nilifungua kinywa, lakini mama alinitangulia. Alisogea mpaka miguuni mwa kitanda, mahali ambapo shuka lilikuwa limelala tambarare, akaliweka vizuri upande wa mguu uliobaki.

"Shemeji," alisema, "mwanangu alikwambia kweli barazani kwangu, nami nilikuwa ndani nasikia. Wewe hukuamini, kwa sababu wewe ungekuwa yeye, ungeficha."

 Mama akamwombea shifaa, kwa ukamilifu, kila neno mahali pake, tukatoka. Tulipofika nyumbani alisema tu kwamba bonde linahitaji kufyekwa kabla ya masika.

Ami amepona. Anatembelea magongo, na anakunywa vidonge vyake sasa, mkewe anamsimamia. Utafiti wangu ulipita, na nakala yake iko maktabani chuoni, ambako sidhani kama kuna aliyeifungua. Katika kijiji mimi bado ndiye niliyeficha. Mwaka jana msichana wa skuli aliniuliza darasani, kwa heshima zote, kama ni kweli nilimnyima mtu dawa. Nilimwambia anyanyuke, achukue kichupa cha zambarau, adondoshee mwenyewe, na anieleze ni nani ndani ya kichupa aliyepona. Alidondoshea, zambarau ikafifia, lakini niliona usoni mwake kwamba swali lake halikuondoka.

Idi iliyopita mama alipika biriani, akapakua sahani ya kwanza kwa ajili ya nyumba ya ami, akaifunika kawa, akampa mtoto wa jirani apeleke. Nilimwambia asijisumbue. Akasema sikukuu ni sikukuu. Sahani ilirudi upesi, kawa haijaguswa, na salamu kwamba nyumba ile hawali chakula cha watu wasiowajua. Mama aliifunua, akaitazama kidogo. Kisha akala yeye, amesimama jikoni, mpaka akaimaliza, na akaiosha sahani.